Kwa nini diski ya L4/L5 hubana L5, na ya C5/C6 hubana C6?

Tabibu_Mtarajiwa (Nakuru)

Hamjambo wanajukwaa. Nasomea utabibu hapa Nakuru, mwaka wa pili, na kwenye neva za mgongo nimegonga mwamba. Jedwali nimelikariri lote (C ni shingo, T kifua, L kiuno, S sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno): C6 kidole gumba, T10 kitovu, L5 juu ya wayo. Lakini swali likipindishwa kidogo tu, jedwali halinifai kitu. Naomba msaada kwa mambo matatu.

Kwanza, diski (ule mto ulio kati ya pingili mbili) ikichomoza kati ya L4 na L5, mzizi wa neva unaobanwa ni L5. Ikichomoza kati ya C5 na C6, unaobanwa ni C6. Mimi nikadhani ni kanuni moja, kwamba namba ya chini ndiyo huumia. Darasani tukaambiwa la, sababu ni mbili tofauti, na tena ipo diski ya L4/L5 inayobana L4. Inakuwaje?

Pili, mtu kachomwa kisu mgongoni, nusu ya kulia ya ugwe wa mgongo (ule mshipa mkuu wa neva ndani ya mfereji wa pingili) ikakatika. Mguu wa kulia unapooza, wa kushoto ndio usiohisi maumivu. Najua njia huvuka. Sijui zinavukia wapi, wala kwa nini mguso wa kawaida haupotei kabisa upande wowote.

Tatu, mgonjwa ambaye wayo unaning'inia, anauburuta akitembea. Nitatofautishaje mzizi wa L5 na neva iliyobanwa gotini nikiwa na nyundo na pini tu, bila MRI wala kipimo cha umeme wa neva?

---

Mwalimu_wa_Anatomia (Maseno)

Nitajibu la kwanza, hayo mengine nawaachia wenzangu.

Anza na hesabu. Jozi za neva za mgongo ni 31: shingo 8, kifua 12, kiuno 5, sakramu 5, kifandugu 1. Pingili za shingo ni 7 tu, na hapo ndipo wengi hupotea. Neva ya C1 hutokea juu ya pingili ya kwanza, kati yake na fuvu. Basi neva zote za shingo hadi C7 hutokea juu ya pingili zenye jina lao. C8 haina pingili yake; inapita kati ya pingili ya C7 na ya T1. Kuanzia T1 mpangilio unageuka, kila neva hutokea chini ya pingili yenye jina lake.

Sasa tazama tundu lililo kati ya C5 na C6: anayetokea hapo ni C6. Tundu lililo kati ya L4 na L5: anayetokea hapo ni L4. Kwa hesabu hiyo tupu, diski ya L4/L5 ingebana L4. Haibani, kwa sababu ya urefu wa tundu. Kiunoni tundu ni refu kwenda juu na chini. Mzizi wa L4 hutoka ukiwa umekumbatia sehemu ya chini ya kikonyo (daraja la mfupa kati ya mwili wa pingili na upinde wake wa nyuma) cha pingili ya L4, yaani sehemu ya juu ya tundu. Diski iko chini zaidi. Ukifika usawa wa diski, L4 ameshaondoka. Aliyebaki ndani ya mfereji, akipita pembeni nyuma ya diski hiyo huku akielekea tundu la chini yake, ni L5. Ndiye anayekutana na uvimbe.

Diski nayo haichagui njia ovyo. Katikati kwa nyuma kuna ligamenti ndefu inayoizuia, kwa hiyo huchomoza nyuma-pembeni, mahali ambapo L5 anapita. Ikichomoza mbali zaidi pembeni, ndani ya tundu lenyewe au nje yake, itamkuta L4 anayetoka. Hiyo ndiyo ile uliyoambiwa darasani. Ni kama moja kwa kumi, na huumiza vibaya kwa sababu fundo la hisi la mzizi limo humo humo tunduni. Paja la mbele huuma, goti likipigwa nyundo haliruki vizuri, na mgonjwa anaweza kuambiwa ana ugonjwa wa nyonga.

Shingoni mizizi hutoka karibu mlalo, na kila usawa una mzizi mmoja tu wa kubanwa. Hakuna anayepita akielekea chini. Diski ichomoze pembeni kidogo au sana, ni C6 huyo huyo.

Na kwa nini kiunoni mizizi hutelemka? Kwa mtu mzima ugwe wa mgongo huishia kati ya pingili ya L1 na L2. Mtoto mchanga huishia karibu L3, kisha mifupa hukua haraka kuliko ugwe. Mizizi ya L2 hadi sakramu lazima itelemke ndani ya mfereji hadi kwenye matundu yake, na fungu hilo ndilo mkia wa farasi. Kumbuka jambo hili mgonjwa wa kupigwa picha atakapofika.

Kuhusu mzizi wenyewe. Wa nyuma hubeba hisi, na miili ya seli zake imo kwenye fundo lililo tunduni, nje ya ugwe. Wa mbele hubeba amri za misuli, na miili ya seli zake imo ndani ya ugwe, kwenye pembe ya mbele ya sehemu ya kijivu. Tofauti hiyo ya makao ya seli itakusaidia kwenye ajali za mabega. Mizizi miwili ikiungana unapata neva mchanganyiko ambayo ni fupi sana, kisha inagawanyika: tawi la nyuma huenda kwenye misuli ya ndani ya mgongo na ngozi yake, tawi la mbele huchukua yote yaliyobaki, kifua, tumbo, mikono na miguu. Mitandao ya neva (ya mkono C5 hadi T1, ya kiuno L1 hadi L4, ya sakramu L4 hadi S4) hufumwa na matawi ya mbele peke yake. Basi ugonjwa wa mtandao hauwezi kudhoofisha misuli iliyo kandokando ya uti wa mgongo. Ikiwa imedhoofika, tatizo liko kwenye mzizi au ndani zaidi.

---

Nyundo_na_Pini (Kakamega)

Mwalimu amemaliza ya matundu. Mimi nachukua swali la kisu.

Chora duara mbili za ugwe kwenye karatasi, moja chini (usawa wa kifua), moja juu (medula, sehemu ya mwisho ya shina la ubongo). Kila njia iulize mambo mawili: inabadilisha seli wapi, na inavukia wapi.

Amri ya misuli: inaanzia kwenye gamba la ubongo, inashuka hadi medula, na asilimia 85 hadi 90 ya nyuzi zinavukia hapo. Kuanzia hapo inateremka upande uleule wa mguu itakaoutumikia, mpaka pembe ya mbele, inakabidhi kwa seli ya pili, na hiyo inatoka kwa mzizi wa mbele.

Mtetemo, mguso wa kutambua vitu na hisi ya kujua kidole kiko juu au chini: nyuzi zinaingia kwa mzizi wa nyuma na kupanda upande uleule kwenye safu za nyuma bila kusimama. Za miguu ziko kwa ndani, karibu na mstari wa kati. Za mikono zinajiunga kwa nje kuanzia usawa wa T6. Zinabadilisha seli kwenye medula, na huko ndiko zinakovukia.

Maumivu, joto na baridi: hizi hazina subira. Zinaingia, zinapanda au kushuka sehemu moja au mbili, zinabadilisha seli kwenye pembe ya nyuma, na seli ya pili inavuka papo hapo, mbele ya mfereji mdogo wa katikati, kisha inapanda upande wa pili hadi thalamasi.

Sasa kata nusu ya kulia usawa wa, tuseme, T8. Amri ya mguu wa kulia ilikuwa imeshavuka huko juu, kwa hiyo mguu wa kulia umepooza. Mtetemo wa mguu wa kulia bado haujavuka, nao umepotea kulia. Maumivu yaliyokuwa yakipanda nusu ya kulia yalitoka mguu wa kushoto, kwa hiyo kushoto ndiko pini haihisiki, na ganzi hiyo inaanza sehemu moja au mbili chini ya jeraha, si usawa wake hasa. Kwenye T8 yenyewe, upande wa kulia, utapata mshipi mwembamba usiohisi chochote, maana pale mizizi yenyewe ndiyo iliyoharibika.

Mguso mwepesi wa pamba unapanda kwa njia zote mbili, ya safu za nyuma na ya mbele iliyovuka. Ukikata nusu moja, nyingine inabaki na sehemu yake. Ndiyo maana haupotei kabisa, na ndiyo maana pamba peke yake ni kipimo dhaifu. Ukiwa na muda mfupi, pima pini na mtetemo. Hivyo viwili ndivyo vinavyotenganisha njia.

Aliyeieleza hali hii katikati ya karne ya 19 ni Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis, kisiwani Morisi, mwaka 1817. Nusu safi kabisa kama ya vitabuni ni nadra. Jeraha la kisu au panga mara nyingi hupita katikati kidogo, au uvimbe hubana upande wa pili kwa siku kadhaa, na picha inakuwa ya mchanganyiko. Usikatae utambuzi eti kwa sababu mguu wa pili nao ni dhaifu kidogo.

Onyo jingine: siku za kwanza mguu uliopooza utakuwa mlegevu na refleksi hazipo, ingawa zilizokatika ni nyuzi za juu, zile zinazoshuka kutoka ubongoni. Huo ni mshtuko wa ugwe. Ukakamavu, refleksi kali na kidole gumba cha mguu kuinuka ukikwaruza unyayo huja baada ya siku au wiki. Wanafunzi huandika "neva ya chini" (ile inayotoka ugweni kwenda kwenye msuli) siku ya kwanza na kuhangaika kutafuta mzizi ulioumia.

Upimaji wenyewe, maana hapo ndipo alama hupotea:

Pini iwe mpya na itupwe baada ya mgonjwa mmoja. Sindano ya kudungia usiitumie, inakata ngozi na kuhatarisha wote wawili. Mwonyeshe kwanza makali yake usoni, ambako hisi ni nzima, ndipo ushuke. Anzia palipo na ganzi ukielekea palipo pazima, kwa sababu mtu hutambua hisi inapoanza kwa uhakika kuliko inapofifia, na utie alama ya kalamu. Kwa baridi, chuma cha uma wa sauti au pamba yenye spiriti inatosha.

Uma uwe ule wa mitetemo 128 kwa sekunde. Uweke juu ya mfupa: kidole gumba cha mguu, kisha kifundo, kisha muundi, kisha ukingo wa nyonga. Mwulize lini mtetemo umekoma, si kama anauhisi tu, kwa sababu wengi huitikia "ndiyo" kwa ile baridi ya chuma.

Hisi ya nafasi: shika kidole kwa kandokando. Ukikishika juu na chini, msukumo wa vidole vyako utamwambia jibu.

---

Fizio_wa_Ziwa (Kisumu)

Swali la tatu ni langu, na jibu lake ni misuli miwili.

Neva ya pembeni ya goti (peronea) hupinda kwenye shingo ya mfupa mwembamba wa mguu, mahali ambapo kati yake na nje kuna ngozi na mafuta kidogo tu. Inainua wayo na kuugeuza nje. Mzizi wa L5 nao hufanya hayo, lakini hufanya pia kazi mbili ambazo neva ya gotini haihusiki nazo: kugeuza wayo ndani, kwa msuli wa tibiali ya nyuma ambao hulishwa na neva ya tibia, na kutanua nyonga (kupeleka mguu nje), kwa msuli wa kati wa makalio ambao hulishwa na neva inayotoka ndani ya fupanyonga kabisa.

Kwa hiyo: kutanua nyonga na kugeuza wayo ndani vikiwa na nguvu, tatizo liko gotini. Vikiwa dhaifu, rudi mgongoni.

Wengi hukosea kupima kule kugeuza ndani. Wayo unaoning'inia ukiupima hivyo hivyo utaonekana dhaifu kila upande, hata wa ndani. Kwanza uinue kwa mkono wako mpaka ufanye pembe mraba na muundi, ushikilie hapo, ndipo umwambie augeuze ndani dhidi ya kiganja chako. Nyonga ipime akiwa amelala ubavu, mguu mbaya juu, goti limenyooka, mguu ukiwa nyuma kidogo ya mstari wa mwili. Ukiachwa uje mbele, msuli wa mbele wa nyonga utaiba kazi.

Refleksi ya kifundo (S1) haipaswi kupotea katika hali yoyote kati ya hizo mbili. Ikiwa imepotea, fikiria S1 au neva kuu ya mguu (siatiki) yenyewe. Hapa kuna mtego: sindano ya makalio iliyodungwa vibaya hujeruhi siatiki, lakini fungu lake la peronea ndilo huumia zaidi, kwa sababu liko upande wa nje na limebanwa juu na chini. Mtoto akianza kuburuta mguu baada ya sindano, wayo wake utafanana na wa neva ya gotini. Uliza kuhusu sindano, pima kifundo, pima kukunja vidole chini. Robo ya juu ya nje ya tako ndiyo salama kwa mtu mzima. Mtoto ambaye hajaanza kutembea adungwe paja, mbele kwa nje.

Sababu za gotini ninazoziona zikitajwa kila mara: plasta iliyobana chini ya goti, kuchuchumaa saa nyingi shambani, kukunja mguu juu ya mguu kwa mtu aliyekonda ghafla. Na papasa shingo ya mfupa huo kwa kidole. Neva ikiwa nene kama kamba na ngozi ina mabaka yasiyohisi, usisahau ukoma. Umepungua sana lakini haujaisha. Alupe, kule Busia, ilijulikana kwa ukoma miaka mingi.

Mwalimu ametaja mabega, wacha nimalizie hapo. Mwendesha boda boda akianguka, kichwa kikaenda huku na bega kule, huvutika C5 na C6. Mkono unaning'inia ubavuni, umegeukia ndani, kiganja kikitazama nyuma. Akining'inia kwa mkono, au mkono ukivutwa juu, huvutika C8 na T1, na kiganja ndicho hukosa nguvu.

Swali zito ni kama mzizi umeng'oka kwenye ugwe au umekatika nje ya fundo, upande wa mkono. Uliong'olewa hauwezi kuunganishwa tena pale pale. Dalili za kung'oka: jicho la upande huo lina mboni ndogo na kope lililoshuka (T1, maana nyuzi za huruma za kichwa, yaani za simpathetiki zisizotawaliwa na hiari, hutokea hapo), bega linachomoza nyuma kama ubawa, msuli unaovuta bega kuelekea uti wa mgongo hauna nguvu, na kuna maumivu makali ya kuchoma kwenye mkono usiohisi kitu. Kipimo cha umeme kinatoa jibu la ajabu: ngozi imekufa ganzi kabisa, lakini neva ya hisi inapitisha umeme vizuri. Sababu ni ile ya Mwalimu. Seli ya hisi imo kwenye fundo, nje ya mahali palipokatika, kwa hiyo uzi wake wa kwenda mkononi bado uko hai. Ni ule wa kuingia ugweni uliokatika.

Usimwambie mgonjwa wa aina hii arudi baada ya mwaka. Neva huota kama milimita moja kwa siku. Toka shingoni hadi kiganjani ni sentimita 70 hivi, yaani siku 700, na msuli usiopata neva hauponi tena ipasavyo baada ya miezi 12 hadi 18. Upasuaji wa neva hufanywa vyema ndani ya miezi mitatu hadi sita. Wakati anasubiri, viungo vikunjwe na kunyooshwa kila siku, kombeo ishike bega lisiteguke.

---

Tabibu_Mtarajiwa (Nakuru)

Asanteni sana. Mwalimu, ya kikonyo na urefu wa tundu imeniingia. Nyundo, nimechora duara mbili na nimeweza kukata kushoto nikapata jibu mwenyewe.

Ila kuna jambo: mama anayefanyiwa upasuaji wa kujifungua kwa ganzi ya mgongo anasema hana maumivu lakini anahisi wanavuta. Na kwa nini ganzi ifike chuchu wakati mkato uko chini ya kitovu?

---

Ganzi_Salama (Bungoma)

Hilo ni suala la unene wa nyuzi. Nyuzi nene zenye mailini (ala ya mafuta inayozifunika) nyingi, za misuli na za nafasi ya viungo, hupitisha umeme mita 70 hadi 120 kwa sekunde. Za maumivu makali ya kwanza ni nyembamba, mita 5 hadi 30. Za maumivu ya pole ya kuunguza hazina mailini, nusu mita hadi mita 2. Toka wayo hadi ugweni ni kama mita moja, kwa hiyo ukijikwaa kidole kuna uchungu unaofika mara moja na mwingine unaofika kama sekunde nzima baadaye. Nyuzi mbili tofauti.

Dawa ya ganzi hufunga nyembamba kirahisi zaidi. Kwanza za huruma zinazokaza mishipa ya damu, ndiyo maana presha hushuka kabla miguu haijawa mizito. Kisha baridi na pini, kisha mguso, mwisho nguvu ya misuli. Mama anaweza kupoteza maumivu yote huku mguso mzito na mvuto vikibaki. Mwambie hivyo kabla ya kuanza, asije akadhani ganzi imekataa.

Kuhusu kimo: ngozi inayokatwa iko T11 hadi T12, ni kweli. Lakini utando wa tumbo na viungo vya ndani hutuma maumivu yake juu zaidi, kwa hiyo tunataka T4, usawa wa chuchu. Kawaida ni dawa ya ganzi ya bupivakeini nzito ya asilimia 0.5, mililita 2 hadi 2.5. Sindano ni kati ya L3 na L4 au L4 na L5. Mstari unaounganisha kingo za juu za nyonga hupita kwenye L4 au chini yake kidogo, na vidole vyetu hutudanganya: mara nyingi tunafikiri tuko chini kuliko tulivyo. Ndiyo maana sipendi kabisa nafasi iliyo juu ya L3. Ugwe unaishia L1/L2 kwa wengi, si kwa wote.

Pima kwa baridi, pande zote mbili. Akisema vidole vya mwisho vya mikono vina ganzi, dawa imefika C8. Mwambie akukaze kiganja, sikiliza sauti yake. Moyo ukipungua kasi, T1 hadi T4 zinazouharakisha zimefungwa. Neva ya kiwambo cha kupumulia ni C3, C4 na C5. Sauti ikiwa ya kunong'ona usiendelee kumtuliza kwa maneno, andaa kumsaidia kupumua.

---

Sista_wa_Mifupa (Nakuru)

Naongeza moja kwa huyu kijana kabla hajaenda wodini. Mwenye diski anayeanza kushindwa kukojoa, au ambaye sehemu anayokalia imekufa ganzi, au miguu yote miwili inamchoma na kulegea, huyo ana mkia wa farasi uliobanwa. Ni wa leo leo kwa MRI na upasuaji, si wa kliniki ya wiki ijayo. S2 hadi S4 ndizo zenye kibofu na haja kubwa, na zikichelewa hazirudi vizuri.

Mwulize waziwazi, kwa staha lakini bila kuzunguka: akijipangusa anahisi? Mkojo unatoka kwa nguvu au unachuruzika? Wengi hawatasema wenyewe. Kisha mpime pini kuzunguka tundu la haja kubwa. Akishakojoa, mkojo uliobaki kibofuni ukizidi mililita 200 ni wa kutiliwa shaka. Na kuchuruzika usikuandike "anakojoa vizuri"; kibofu kilichojaa kupita kiasi humwaga hivyo hivyo.

---

Mwalimu_wa_Anatomia (Maseno)

Sista amenena vyema. Mimi nataka kusahihisha jedwali la kijana. Ramani za ngozi hazilingani kitabu kwa kitabu, kwa sababu maeneo jirani hupandiana. Mzizi mmoja ukikatika peke yake, hasa kifuani, ganzi inaweza isionekane kabisa. Badala ya kupaka rangi maeneo, jifunze vituo vinavyotumika kwenye upimaji wa kimataifa wa majeraha ya ugwe: C5 upande wa nje wa kunjo la kiwiko, C6 kidole gumba, C7 cha kati, C8 cha mwisho, T1 upande wa ndani wa kunjo la kiwiko, T4 chuchu, T10 kitovu, L3 upande wa ndani wa goti, L4 kifundo cha ndani, L5 juu ya wayo kwenye shina la kidole cha tatu, S1 upande wa nje wa kisigino, S2 nyuma ya goti, S4 na S5 kuzunguka tundu la haja.

Misuli nayo: C5 kukunja kiwiko, C6 kuinua kiganja, C7 kunyoosha kiwiko, C8 kukunja vidole, T1 kutanua kidole cha mwisho, L2 kukunja nyonga, L3 kunyoosha goti, L4 kuinua wayo, L5 kuinua kidole gumba cha mguu, S1 kusukuma wayo chini. Misuli kumi, kila upande, sifuri hadi tano. Mzima ana 100.

---

Nyundo_na_Pini (Kakamega)

Na hilo la picha ambalo Mwalimu alidokeza, maana ndilo kosa linalorudiwa zaidi. Mgonjwa ana miguu dhaifu na mikakamavu, anaandikiwa eksirei ya kiuno, inarudi safi, anapewa dawa ya maumivu. Miguu mikakamavu yenye refleksi kali haiwezi kutokana na kiuno chini ya L2. Huko hakuna ugwe, kuna mizizi tu, na mizizi ikibanwa hulegeza.

Ganzi ikianzia kitovuni (sehemu ya T10 ya ugwe), usitazame pingili ya T10. Ugwe ni mfupi kuliko mfereji wake, kwa hiyo chini ya kifua sehemu iko pingili mbili tatu juu zaidi. Anzia kutazama T7 na T8. Ukiwa unapapasa miiba ya mgongo: shingoni ongeza 1 kupata sehemu ya ugwe, kifua cha juu ongeza 2, T7 hadi T9 ongeza 3, mwiba wa T10 una L1 na L2, T11 una L3 na L4, T12 una L5, na L1 una sehemu za sakramu.

Hata hivyo kimo cha ganzi kinakuambia jeraha haliko chini ya hapo. Hakikuambii halijapanda zaidi. Kwenye njia ya maumivu nyuzi za sakramu ziko nje kabisa na za mikono ziko ndani. Uvimbe unaobana kwa nje kule T4 unaweza kuanza na ganzi ya miguu tu, ukadhani uko chini. Ndiyo maana, pesa zikiruhusu, MRI iwe ya uti wote.

Kwa kifua kikuu cha uti, tafuta diski iliyoliwa pamoja na pingili mbili zilizopakana nayo, na mgongo uliopinda mbele kwa pembe kali. Kwa mtoto wa huku kanda ya ziwa aliyepooza miguu ndani ya siku chache, taya na tumbo vipapaswe kabla ya mgongo: limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za limfu, hubana ugwe haraka, na dawa zake zikianza mapema miguu hurudi. Huyo usimwandikie dawa za kifua kikuu za kujaribu huku ukisubiri.